Siyo Mbovu, Imekatazwa

Sijui fundi alizaliwa mwaka gani wala ni wa ukoo upi, na leo sina hamu ya kujua. Ninachojua ni kwamba kwa miezi mingi mtu huyu alikuwa akija kwenye chumba changu cha gemu pale Kanyenye, Tabora, kila asubuhi saa mbili, anachomeka flashi yake kwenye kompyuta yangu, anaiwasha, anachomoa flashi, anakunywa chai, anaondoka. Asipokuja, sifungui. Naandika haya nikiwa nimekasirika, sikufichi. Kama unataka mtu wa kumsifia mzee wa watu, katafute mwingine. Ila sitamsingizia. Mazuri yake nitayasema yote, maana hayo ndiyo yanayoniuma zaidi.

Nianze na rafu zake.

Alikuwa anafanyia kazi kwenye kibaraza cha mshona nguo, meza moja, taa moja yenye shingo ndefu, na nyuma yake rafu mbili za mbao. Kwenye rafu ya chini aliandika kwa chaki MBOVU. Kwenye ya juu aliandika IMEKATAZWA. Ya chini ilibeba vitu vilivyokufa kifo cha kweli: pawasaplai zilizopigwa na radi, laptopu zilizomwagiwa uji, diski zinazolia kama bawaba isiyo na mafuta. Ya juu ilibeba vitu vizima. Printa yenye wino tele, ila inakataa kuchapa kwa sababu wino haukununuliwa kwa waliotengeneza printa. Simu isiyo na mkwaruzo, imefungwa isipokee laini nyingine. Bodi za kompyuta zenye nafasi zisizotaka kufanya kazi, na hakuna kilichoungua.

Mteja akifika na kusema, "Fundi, hii imekuwa mbovu," alimkata hapo hapo.

"Nani kakwambia mbovu? Siyo mbovu, imekatazwa. Ikiwa mbovu namlaumu panya, namlaumu radi. Hii iliyokatazwa ina mtu nyuma yake."

Wanunuzi wa chuma chakavu walikuwa wanapita na mikokoteni yao. Vya rafu ya chini aliwapa bila hata kubishana. Vya juu, wangesimama mpaka jua lizame, hawapati. "Simziki mtu anayepumua," alikuwa anawaambia. Wakacheka, wakamwona mzee ana mambo yake. Mimi nilimwamini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mimba ya miezi saba, na hapo nikamwona mtu mzima wa kwanza katika maisha yangu anayekasirikia kitu kinachostahili kukasirikiwa.

Namna yake ya kufanya kazi usingeipata kwa mafundi wengine wa mjini. Kabla hajafungua kompyuta ya mtu alivua kandambili, akagusa nondo za dirisha kwa kiganja kizima ili umeme wa mwilini umtoke, kisha akanawa mikono kama anayekwenda kula. Hakukubali kuambiwa kompyuta "imezima tu."

"Haizimi tu. Hata wewe hukasiriki tu. Ilisema nini mara ya mwisho?"

"Haikusema kitu, fundi."

"Ililia mlio mmoja mrefu au mifupi miwili? Feni ilizunguka ikasimama, au haikuzunguka kabisa? Nenda nyumbani ukakumbuke, urudi."

Na watu walirudi! Niliona kwa macho yangu karani mmoja mwenye tai akirudi kesho yake kumwambia fundi kwamba ulikuwa mlio mmoja mrefu na mifupi mitatu. Fundi akamshukuru kama amemletea kuku.

Mimi alinifundisha. Hilo siwezi kulikana. Nilikwenda na kompyuta niliyouziwa ikiwa maiti, na badala ya kunitengenezea akanivutia kigoda, tumbo langu lile kubwa, akanipa bisibisi. Alinifundisha kupaka dawa ya joto juu ya prosesa, tone la ukubwa wa punje ya choroko na lisizidi. Alinifundisha kushika bodi. "Kwenye kingo, binti. Ishike kama sahani ya mkwe wako." Niliposhika katikati aliniangalia tu, sikurudia. Alikuwa hapigi kelele. Neema alipozaliwa, nilikuwa najua kufungua na kufunga kompyuta nzima, na fundi akaniletea kitambaa cheupe cha kumfunikia mtoto, kimekunjwa ndani ya boksi la kibodi.

Baba yake Neema yuko Urambo kwenye tumbaku. Anatuma salamu, na huwa ni salamu tu. Kwa hiyo chumba cha gemu ndicho kinachomlisha mtoto, na ninataka hilo likae kichwani mwako mpaka mwisho wa habari hii. Sichezi mimi pale. Ni kazi.

Nilichagua gemu ya kuendesha basi. Kumbi za mpira wa kwenye runinga zipo kila kona Kanyenye. Basi hakuna aliyekuwa nalo. Vijana wa Dar wameliwekea ramani ya barabara zetu, na rangi za mabasi yetu. Nilipata usukani wa mitumba wenye pedali zake, na skrini tatu zilizotoka kwenye ofisi fulani zikiuzwa kwa mnada. Nilitaka skrini ya kati iwe kioo cha mbele, za pembeni ziwe madirisha na vioo vya kutazamia nyuma. Mtu akikaa ajione dereva kweli. Mwanzoni nilikuwa nawasha skrini moja tu. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa dereva halisi wa basi la Kigoma, mtu mnene anayecheka na mabega. Alikaa, akashika usukani, akakanyaga mafuta, akapinda shingo kushoto na kulia.

"Mama Neema," akasema, "hili siyo basi, hili ni tundu la choo. Vioo vyangu vya pembeni viko wapi? Nitaua abiria humu."

Chumba kizima kikacheka. Nikacheka nao, na moyoni nikaapa.

Kadi za grafiki za kizazi tunachopata huku, kadi moja inaendesha skrini mbili tu. Ukitaka skrini tatu ziwe picha moja, lazima uwe na kadi mbili zinazofanana, uzipange kwenye bodi moja, uziunganishe kwa utepe mfupi, na bodi izikubali zifanye kazi kama kitu kimoja. Fundi ndiye aliyezitafuta. Akapata kadi mbili pacha, akapata utepe, akapata bodi yenye nafasi mbili ndefu, nzuri kabisa, nyeusi. Nikatoa kila nilichokuwa nacho. Tukafunga wote wawili, Neema amelala kwenye boksi. Tukawasha. Feni zote zikazunguka. Kompyuta ikaziona kadi zote mbili, ikazitaja kwa majina. Nikaingia kwenye setingi, pale panapotakiwa kuwa na sehemu ya kuziunganisha.

Hapakuwa na kitu. Siyo kwamba palikuwa na kosa au alama nyekundu. Palikuwa peupe, kana kwamba jambo hilo halijawahi kuwepo duniani.

Nilidhani nimepinda pini. Nilitukana, tusi la Kinyamwezi alilokuwa analitumia bibi yangu kwa ng'ombe, na fundi akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akanieleza.

Waliotengeneza kadi waliwaambia waliotengeneza bodi: mkitaka bodi zenu ziunganishe kadi zetu mbili, lipeni leseni. Wengine wakalipa, wengine wakagoma. Aliyelipa akapewa mstari wa herufi wa kuandika ndani ya chipu ya bodi yake. Kompyuta ikiwaka, programu ya kadi inachungulia: mstari upo? Ukiwepo, kadi zinaungana. Usipokuwepo, kila kadi na lake. Bodi yangu ililipiwa kuunganisha kadi za kampuni nyingine, ila siyo hizi zangu. Na wakubwa wenyewe, wa kadi na wa chipu, wakagombania leseni mpaka wakaburuzana mahakamani, huyu anamwambia yule usiguse changu, yule naye vilevile.

"Kwa hiyo bodi yenye ruhusa ina waya nyingi zaidi?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Ina nafasi kubwa zaidi?"

"Ile ile. Kiwanda kimoja, pengine siku moja. Jina linatofautiana herufi moja mwishoni."

Hapo ndipo hasira yangu ya kwanza ilipoanza, na bado ninayo. Mimi wakati wanagombana nilikuwa shule ya msingi, najifunza kuzidisha. Sikuwepo kwenye ugomvi wao. Kadi nimenunua zote mbili, bodi nimenunua, utepe nimenunua. Lakini ugomvi wao umepakiwa melini pamoja na mitumba, umeshushwa Dar, umepanda lori, umepita Dodoma, umefika Tabora, umekaa chumbani kwangu na kuniambia siruhusiwi. Wao wenyewe walishapatana au walishasahau. Bodi za namna hiyo hata hawatengenezi tena. Mimi ndiye niliyebaki na katazo lao.

Fundi alipenda kulilinganisha na barabara yetu. Aliielekeza bisibisi upande wa magharibi, njia ya Ujiji. "Misafara ilipita hapa na pembe, na wapagazi, na watu wamefungwa shingo. Kila mtemi alikuwa na mahali pake. Njia ipo, miguu ipo, maji yapo. Lakini mpaka utoe hongo kwanza, nguo kadhaa, shanga kadhaa, ndipo upite. Hawa wenye kadi ni watemi tu. Wamekaa njiani."

Alikuwa akisema hivyo watu wanasimama kumsikiliza, hata wasio na kompyuta. Mshona nguo aliacha kukanyaga cherehani. Kwa kusema, alikuwa anajua kusema.

Wiki mbili baadaye akaja na flashi. Alikuwa ameitoboa, ameivisha kamba ya kiatu, ameivaa shingoni. Alikuwa amenakili ule mstari wa herufi kutoka kwenye bodi iliyokufa, iliyokuwa na ruhusa zamani, na kuutia kwenye flashi. Kompyuta ikiwakia kupitia flashi ile, inaambiwa kwamba bodi ina mstari, nayo inaamini. Alichomeka, akawasha, akasubiri, akachomoa. Nikaingia kwenye setingi. Sehemu ya kuunganisha ilikuwa pale, inanitazama. Nikabonyeza. Skrini zikazima zote, kisha zikarudi kwa pamoja, tatu, picha moja, barabara inatoka ukuta mpaka ukuta.

Nilimkumbatia. Mzee wa watu, na mkono wangu una maziwa ya mtoto.

Dereva wa Kigoma akakaa siku hiyo. Aliangalia kioo cha kushoto, akaangalia cha kulia, akawasha indiketa kabla ya kuondoka. Vijana wakaanza kupanga foleni. Walikuwepo waliokuja kutoka Usinge, wamefuata dawa hospitali, wakapitia kwangu.

Sasa sikiliza upande wa pili.

"Nipe na mimi nakala ya flashi," nilimwambia siku ile ile.

"Hii haichezewi."

"Basi nifundishe kuitengeneza."

"Umejifunza mengi, mama Neema. Hii acha. Na usije ukawasha bila mimi. Ukiwasha bila flashi, kadi zitavutana, chipu ya bodi inaungua. Mara moja tu, kwisha."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Kila alichowahi kuniambia kuhusu kompyuta kilikuwa kweli. Punje ya choroko ilikuwa kweli. Nondo za dirisha zilikuwa kweli. Kwa hiyo kila jioni nilikuwa nazima, nachomoa waya ukutani, na nafunika kitufe cha kuwashia kwa plasta ili mtoto asije kukibonyeza. Na kila asubuhi saa mbili namsubiri fundi.

Alikuwa hatozi kitu kwa kuja. Nilishajaribu kumpa, akakataa kwa hasira. Alitaka chai, na alitaka kukaa. Akija alimwamkia Neema kwa Kinyamwezi, "mwangaluka, mwangaluka," mpaka mtoto akawa anamjibu kabla hajajua kusema maji. Alikuwa mgonjwa wa sukari, anajua, daktari amemwambia, lakini alikuwa anakuja na kichupa chake cha asali ya Ipole na kukimiminia kwenye chai. Nikimkaripia anajibu, "Asali siyo sukari. Sukari imetoka kiwandani." Mtu aliyejua kutofautisha milio ya bodi kumi na mbili! Miguu ikavimba. Akawa anakuja anachechemea, lakini anakuja.

Umeme ulipokatika mchana ndipo nilipokuwa natamani kumnyonga. Umeme ukikatika na kurudi, lazima kuwasha upya. Kuwasha upya, lazima fundi. Napiga simu yake ya vitufe: yuko msibani. Yuko kanisani. Yuko parokiani anatengeneza kompyuta za shule bure, na hawezi kuacha katikati. Wateja wanakaa, wanatazama skrini nyeusi, wananiuliza kama basi limepata pancha. Jumapili moja, chumba kimejaa, umeme ukaenda na kurudi ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Fundi alifika jioni. Nilikuwa nimebaki mimi na Neema na viti.

"Wewe fundi," nilimwambia, "una tofauti gani na watemi wako? Umekaa njiani. Mstari wa herufi umeutundika shingoni, na mimi nakusubiri kama mpagazi."

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimwona amechomwa.

"Mimi sitozi," akasema.

"Ndiyo mbaya zaidi! Ungetoza ningejua nadaiwa nini, nilipe, tuachane."

Alichomeka flashi, akawasha, akachomoa, akaondoka bila chai. Kesho yake saa mbili alikuwa amesimama nje, na hakuna aliyelitaja tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Anaweza kusimama sokoni na kuhutubia juu ya watu wanaofungia wenzao vitu, na umsikilize mpaka upigwe na jua, na shingoni amevaa ufunguo wangu.

Halafu asubuhi moja hakuja.

Wala ya pili. Simu haipatikani. Mshona nguo akaniambia mguu umemshinda, umetoka kidonda, dada yake amekuja kumchukua kumpeleka kwake Ipole. Nikasubiri. Nikasema atatuma mtu na flashi. Siku tano, sita. Vijana wakahamia kwenye kumbi za mpira. Dereva wa Kigoma alichungulia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Mwenye nyumba akaanza kupitapita akiangalia mlango. Siku ya kumi na moja mwenye ukumbi mmoja wa mpira akaja kuzipima skrini zangu kwa mikono, bila haya, akasema anazitaka zote tatu, na usukani, atakuja kuzichukua kesho mchana. Sikumkatalia. Nilikuwa nimebakiza unga wa siku mbili.

Asubuhi nikamwomba mama yangu aje kukaa chumbani. "Huyo mtu akija mweke kwa maneno," nilimwambia. "Mpaka nikupigie simu usimpe hata waya." Nikambeba Neema mgongoni, nikapanda gari la Sikonge, nikaenda Ipole.

Njia nzima nilikuwa napanga matusi.

Dada yake alikuwa anapepeta mahindi uani. Nilimwamkia kwa heshima zote, nikapiga goti. Fundi alikuwa kibarazani, mguu umewekwa juu ya stuli, umefungwa bandeji mpaka gotini. Alikuwa amekonda. Nilisogea hatua mbili, nikasimama mbele yake.

"Flashi," nikasema.

"Mama Neema. Umekuja na mjukuu wangu."

"Flashi, fundi."

"Hujaniamkia."

"Na sitakuamkia."

Dada yake aliacha ungo. "Eeh!" akasema. "Watoto wa mjini!"

Fundi alipeleka mkono shingoni. Kamba ya kiatu haikuwepo. Alipapasa kola, akapapasa mfuko wa shati, kama mtu anayetafuta miwani, na mimi nikajua kabla hajasema.

"Ilidondoka," akasema. "Kwenye gari siku ile wananileta. Nilikuwa na homa. Sijui ilidondokea wapi."

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na mtoto mgongoni. Matusi yote niliyoyapanga tangu Tabora yalinitoka kichwani. Nikasema tu, "Basi vitu vyangu vinakwenda leo mchana. Mtu yuko njiani kuvichukua."

Alinitazama. Kisha akatazama mguu wake.

"Nyumbani kuna nani?"

"Mama."

"Mpigie. Mwambie awashe."

"Awashe nini? Umesema bodi itaungua!"

"Mwambie awashe."

"Fundi, usinichezee. Nina bodi moja tu duniani."

"Haiungui," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mstari uko ndani ya chipu ya bodi yako. Niliuandika mwenyewe. Siku ile kabla ya Kwaresima nilipokutuma maziwa, ukarudi unalalamika foleni. Inawaka yenyewe tangu siku hiyo."

Nilihesabu kwa vidole, sikutaka lakini nilihesabu. Kwaresima, Pasaka, Pentekoste, mpaka sasa watu wanachoma majani makavu shambani. Asubuhi zote zile. Ile Jumapili ya viti vitupu. Plasta niliyokuwa naibandika juu ya kitufe kila jioni. Siku kumi na moja hizi. Nilikuwa nimekaa mita moja kutoka kwenye kompyuta nzima, inayoruhusiwa, na sikuigusa, kwa sababu mtu ninayemwamini aliniambia nisiguse.

Nikapiga simu. Nikaweka sauti ya wazi. Mama yangu hajawahi kuwasha kompyuta katika maisha yake.

"Mama, chomeka ule waya mweusi ukutani. Toa plasta. Chini yake kuna kitufe, bonyeza."

"Mwanangu, huyu mtu wa skrini amefika, amekaa hapa, ananiangalia."

"Bonyeza, mama."

Tulisikia kitufe. Tulisikia feni. Fundi aliinamisha kichwa, anahesabu mlio. Mmoja mfupi. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

"Umeona nini, mama?"

"Hakuna. Weusi. Subiri. Kuna maandishi. Yamepotea. Wee! Wee, njoo uone! Picha imeenda ukuta mzima, mpaka huku nilikokaa. Zote tatu, mwanangu. Naona barabara."

"Mwambie huyo mtu hatuuzi."

"Ameshasimama mwenyewe."

Nikakata simu. Ungesema nifurahi. Nilisimama nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokuja.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Nipe sababu moja. Hukutaka hela. Hukutaka shamba langu, sina. Kwa nini?"

Fundi alikuwa anavuta uzi kwenye bandeji yake. "Ningekwambia inawaka yenyewe," akasema, "asubuhi ningekuwa nakuja kufanya nini pale?"

"Kunywa chai!" Nilipiga kelele mpaka Neema akaanza kulia. "Watu wanakuja kunywa chai, fundi! Wanakuja, wanakaa, wanakunywa, wanaondoka! Chai yangu ina leseni? Nani alikwambia uje na sababu?"

Macho ya fundi yalikuwa yamejaa, na hilo nalo liliniudhi, maana mwenye haki ya kulia pale nilikuwa mimi. Nikamfunga Neema vizuri mgongoni, nikamuaga dada yake. Dada akanisindikiza hatua chache, akanong'ona, "Mwamkie basi kaka yangu, mwanangu. Mtu mzima yule."

"Mwambie nafungua saa mbili, kama kawaida," nikasema. "Mguu ukipona, aje. Mikono mitupu."

Nilikuwa nimefika barabarani niliposikia sauti yake nyuma, kubwa, ile ya kuhutubia wateja, majirani wote wa Ipole wasikie jinsi alivyoamkiwa vizuri na binti aliyemfundisha kazi.

"Marahaba, mama Neema!"

Sikugeuka. Mtoto ndiye aliyegeuka, akampungia.